Themostati na Probox ya Shemeji

RUKIA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo Hamisi kaja na karatasi yake: maji ya injini, betri, tairi, waipa. Lakini kwanza niwape la Jumatatu. Niko foleni ya feri Likoni, saa nane mchana, magari hayasongi. Eisi ikaanza kutoa hewa vuguvugu, kuangalia, mshale wa joto unapanda.

HAMISI: Na siku hizi za maleleji, upepo hakuna.

RUKIA: Hakuna! Gari likisimama, feni ndiyo tegemeo. Nikazima eisi, nikafungua hita mpaka mwisho.

HAMISI: Hita? Likoni? Saa nane?

RUKIA: Hita nayo ni rejeta ndogo, inautoa moto kwenye injini. Nilirowa jasho, lakini mshale ukashuka. Kijana mmoja akaja mbio na chupa ya maji, mkono uko kwenye kifuniko cha rejeta. Nikamwambia, mwanangu, toa mkono! Maji yale yana presha, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanakurukia usoni.

HAMISI: Fundi kasema nini?

RUKIA: Relei, ile swichi ya kuwasha feni, imekufa. Kabadilisha, sawa. Halafu akataka kuing'oa na themostati, kile kidude kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, ati ni ya nchi za baridi.

HAMISI: Fundi wa maana huyo. Probox ya shemeji...

RUKIA: Haya, imefika!

HAMISI: Probox ya shemeji haina themostati miaka na miaka, inabeba samaki kutoka Vanga mpaka Kongowea, haijachemka hata siku moja.

RUKIA: Inatembea usiku, barabara nyeupe! Ilete foleni ya feri mchana. Themostati haijali Mombasa wala Ulaya, kazi yake ni injini. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Na kuna injini ambazo ikifunguka, inaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanarudi kwenye injini na moto wake, rejeta hayajaipita. Mafuta nayo unachoma zaidi.

HAMISI: Na ikiganda imefungwa? Nimeona hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda kwa ajili ya kidude cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Spea zenyewe nyingi bandia.

RUKIA: Basi ipime. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko, utaiona springi inabonyea na mdomo unafunguka. Isipofunguka, irudishe dukani.

HAMISI: Dada, mwenye gari la biashara hana saa ya kupika themostati.

RUKIA: Ana saa ya kufungua injini?

HAMISI: Shemeji hajafungua injini.

RUKIA: Shemeji huyo anatia maji gani?

HAMISI: Ya kisima. Bamburi.

RUKIA: Wallahi Hamisi! Maji ya chumvi?

HAMISI: Ya maji nakubali, nimemwambia. Chumvi inakula chuma, na magaga yanaziba vile vijia vya rejeta.

RUKIA: Kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na inachelewa kuchemka. Wasikilizaji, msitie maji ya kisima, nawaomba.

HAMISI: Lakini themostati ing'oeni.

RUKIA: Msing'oe!

HAMISI: Probox...

RUKIA: Dakika mbili zimebaki, na karatasi yako hatujaigusa.

HAMISI: Betri, sasa...

RUKIA: Betri wiki ijayo. Sema tairi, upesi.

HAMISI: Pimeni upepo asubuhi kabla ya kutembea, tairi likiwa baridi. Likishapata moto kipimo kinasoma juu, msije mkautoa. Waipa...

RUKIA: Muda umekwisha. Mwambie shemeji alete gari, tufungue bomba la rejeta tuone maji yanatoka rangi gani.

HAMISI: Atalileta. Bila themostati.