Kufundisha majira kwa chupa, kijiti na chungwa, hapa hapa Dar

Habari zenu walimu wangu, na nyie wazazi mnaohangaika na madaftari ya watoto usiku. Leo niko uani huku Mbagala, mnaona udongo bado umelowa, usiku imepiga mvua ya vuli mpaka ndani tukawa hatusikilizani kwa kelele za bati, nikasema basi asubuhi narekodi hii vidio maana somo limejileta lenyewe.

Tunafundisha hali ya hewa, tabianchi na majira ya mwaka. Naanza na lawama kidogo. Wengi wetu tulikaririshwa majira manne, afu tukachukua majira ya Ulaya tukayapachika majina yetu, ile ya theluji ikaitwa kipupwe, ile ya majani kupukutika ikaitwa vuli. Matokeo yake unamwambia mtoto wa darasa la tano achore vuli, anakuchorea mti umebaki vijiti vitupu, wakati nje kuna tope na mwembe umejaa majani na embe zinaanza kuiva. Anapewa vema. Kwahiyo kitabu weka pembeni kwanza, tunaanzia uani.

Kwanza kipima mvua. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyonyooka, zile zenye kiuno hapana. Kata hapa, pale mabega yanapoisha na chupa inapoanza kunyooka, na ukate mwenyewe mwalimu usimpe mtoto kisu. Kile kipande cha juu kigeuze mdomo uangalie chini, kiingize ndani kama faneli, hivi, zungushia selotepu. Faneli inasaidia maji yasikaushwe na jua kabla hujasoma, na kwa kuwa mdomo wake ni mpana sawa na chupa yenyewe, milimita moja iliyonyesha inakuwa milimita moja ndani ya chupa, unapima kwa rula ya kawaida tu. Ndo maana nimekataa chupa ya kiuno, ikibana katikati maji yanapanda juu haraka na namba inakudanganya.

Kitako cha chupa mnaona kina mabonde mabonde. Zamani nilikuwa naweka kokoto na maji mpaka usawa wa mstari wa sifuri, inafanya kazi, sema kiangazi yale maji yanakauka na sifuri inashuka, unajikuta kila siku unaongeza. Sikuhizi natia uji wa saruji kidogo, nagonga gonga mezani ukae bapa, nauacha ukauke, afu sifuri naianzia juu ya saruji. Na uzito juu, haipeperuki.

Pa kuiweka ndo wengi tunachemka. Mwaka wangu wa kwanza niliiweka chini ya mwembe, sijui nilikuwa nawaza nini, mvua kubwa imenyesha mimi napata milimita 4, mvua imekata zamani chupa bado inadondokewa na maji ya kwenye majani. Nikaihamisha katikati ya uwanja, wiki haijaisha ikabebwa na waokota chupa, na siwalaumu, chupa ni chupa. Kwahiyo fanya hivi, iweke sehemu ya wazi, mbali na ukuta au mti angalau mara mbili ya urefu wa huo ukuta, ichimbie ndani ya ndoo yenye mchanga, uiandike kwa maka peni USIGUSE TUNAPIMA MVUA. Na waambie watoto jirani wanapima nini, wakijua wanakuwa walinzi.

Soma kila siku saa tatu asubuhi, hiyo hiyo saa, hata vituo vya hali ya hewa huku kwetu vinasoma mvua saa tatu asubuhi. Andika, mwaga, rudisha. Siku isiyo na mvua andika sifuri, usiache wazi, maana nafasi tupu baada ya mwezi hujui kama hakukunyesha au mwanafunzi wa zamu alikuwa mtoro.

Sasa namba ile ikae kichwani mwa mtoto vipi? Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Chora mraba wa mita moja sakafuni, mwagia lita moja, waone. Afu wapigie hesabu ya bati, paa la mita 5 kwa 10 ni mita za mraba 50, ikinyesha milimita 20 ni lita elfu moja, yani simtanki nzima imetoka mbinguni bure. Wangu walipofika hapo kuna mmoja akauliza sasa paa zote za Dar zikimwaga kwa pamoja maji yanaenda wapi, nikamwambia kaangalie bonde la Jangwani. Somo la mafuriko likaanza bila mimi kulipanga.

Tofauti ya hali ya hewa na tabianchi mimi naifundisha kwa daladala. Leo umefika kituoni saa kumi na mbili na nusu ukakuta gari ina siti tupu, hiyo ni hali ya hewa, imetokea leo. Ila ukisimama kituo kile kile miaka na miaka utajua Jumatatu asubuhi watu wananing'inia mlangoni, hiyo ni tabianchi, na siku moja ya siti tupu haiibadilishi. Wataalamu wanatumia wastani wa miaka 30, sasa hivi ni 1991 mpaka 2020. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza vuli itakuwa juu ya wastani, ule wastani unatoka kwenye hesabu za miaka mingi namna hiyo, kwahiyo mtoto akikuambia mwaka huu mvua nyingi basi tabianchi imebadilika, mrudishe daladalani. Vuli ya 1997 ya El Niño ilikuwa mvua ya kuhadithia, na bado peke yake ni vuli moja.

Upepo nitapita haraka. Zamani ningekuambia chukua rambo, ila rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, kata kitambaa chembamba cha kanga chakavu, funga juu ya mti mrefu, chini andika kaskazini, kusini, mashariki, magharibi kwa dira ya simu. Kosa moja tu uliangalie, upepo unaitwa kwa kule unakotoka, kitambaa kikilala kuelekea kusini huo ni upepo wa kaskazini, watoto watageuza wote nakuhakikishia. Soma asubuhi, mchana upepo wa bahari unaingia na kuvuruga. Kuanzia Desemba mpaka Machi hivi watapata kaskazi, na kuanzia Aprili mpaka Septemba kusi, ule ule wa majahazi. Ukiweza wapeleke Feri wakawaulize wavuvi maleleji ni nini, watajibiwa vizuri kuliko mimi.

Haya, sasa kivuli, na hapa naomba mtulie kwa sababu ndo nyama ya hii vidio. Simika mti wima uliobaki mita moja juu ya ardhi, hakikisha umenyooka, mimi natumia uzi na jiwe. Kuanzia saa sita mpaka saa saba kasoro weka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano, kile kifupi kuliko vyote ndo kivuli cha adhuhuri. Usiamini saa ya ukutani, jua la Dar halifiki juu kabisa saa sita kamili, linachelewa, Februari inafika saa sita na nusu na zaidi. Fanya mara moja kwa wiki, mwaka mzima.

Mtakachoona ni hiki. Mwishoni mwa Juni kivuli kinalala upande wa kusini, kama sentimita 58. Mwishoni mwa Desemba kimehamia kaskazini, kama sentimita 30. Na katikati kuna siku mbili kivuli kinapotea kabisa chini ya mti, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua limekaa utosini. Siku hiyo toa darasa zima nje waangalie miguu yao, watapiga kelele mpaka mwalimu mkuu atoke ofisini.

Sasa weka kivuli na chupa kwenye grafu moja. Jua linapita utosini Machi, masika inashika kasi Aprili. Jua linapita tena Oktoba, vuli inakolea Novemba na Desemba. Mvua inalifuata jua kwa nyuma, kwa sababu pale jua lilipo juu hewa inapata joto inapanda, pepo za kaskazini na za kusini zinakutana hapo, mvuke unapanda unakuwa mawingu, na huo ukanda wa mvua unahama na jua lakini kwa kuchelewa. Sisi tuko njiani, unatupitia mara mbili. Dodoma, Songea na Mbeya wana msimu mmoja tu, kama Novemba mpaka Aprili, ukiwa na ndugu huko watoto wakampigie simu waulize leo kumenyesha.

Kwa nini jua linahama? Toboa chungwa kwa kijiti cha mshikaki, weka taa ya simu mezani, zima taa nyingine. Inamisha kijiti kidogo, kama nyuzi 23 na nusu, afu zunguka taa. Angalia hapa, karibu kila mtu anakosea, anazunguka huku kijiti kinaifuata taa. Hapana. Ncha ya juu ianze kuelekea mlangoni na ibaki kuelekea mlangoni mzunguko wote. Upande mmoja wa meza nusu ya juu inaangalia taa, upande wa pili nusu ya chini, ndo maana tunaliona jua linahama kaskazini na kusini.

Jiandae na bishano moja. Watakuambia joto linakuja dunia ikisogea karibu na jua, na watoto wa Dar wana ushahidi, dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na Julai iko mbali, kama milioni 152, na Januari hapa tunachemka na Julai tunavaa sweta. Usiwakatishe. Waulize tu, Januari hiyo hiyo Ujerumani kukoje? Wakae nalo, mpe mmoja chungwa ashike mwenyewe.

Saa tatu kasoro dakika mbili, huyu wa zamu ameshachukua rula ananiangalia mimi jicho baya kwamba namchelewesha. Haya njoo. Macho usawa wa maji, usiangalie kwa juu. Ngapi? Kumi na saba? Andika, afu mwaga.