Seli hushikana vipi? Mzee wa Boston na jina la Kilifi

Asalaam aleikum watu wangu wa Malindi, wa Shela, Barani, Maweni, na nyie wa Watamu pia, natumai mko salama. Mimi niko hapa Boston, baridi tuiache, kuna dada mmoja wa Muyeye kanitumia meseji kwamba mwanawe wa Form Four apenda baolojia mno na watu wamwambia kama si udaktari apoteza wakati bure. Dada, nipe dakika mbili nikueleze habari za Timothy Springer, mtafiti wa hapa chuo cha Harvard, wala si daktari wa kutibu.

Huyu mzee maisha yake yote kafuata swali moja, seli hushikana vipi. Yaani chembe nyeupe ya damu yasukumwa mbio ndani ya mshipa, sasa ikifika penye kidonda yasimama vipi hapo na kutoka nje? Mwaona makanga anavyodaka mlango wa matatu na gari laenda, basi ni kama hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake wakaipata protini ya kushikia, yaitwa LFA-1, na 1986 wakaonyesha kile inachokishika, ICAM-1, ambayo hukaa mpaka kwenye kuta za mishipa.

Sasa kuna watoto, ni wachache sana, huzaliwa bila protini za jamii hiyo ya LFA-1. Kitovu chachelewa kudondoka, kidonda chazidi kuoza na usaha huoni hata tone, halafu ukipima damu chembe nyeupe zimejaa tele, tena kupita kiasi! Zipo, ila kutoka mshipani haziwezi. Mimi hapo nilishika kichwa, walai.

Na sikizeni hii. 1989 watafiti, akiwemo Kevin Marsh yule wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa maradhi pale Kilifi, walionyesha kuwa chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria hung'ang'ania ICAM-1 hiyo hiyo, ndio zaganda mishipani. Halafu 1997 ikachapishwa kwamba Waafrika wengi wana aina yake iliyobadilika kidogo, na aina hiyo ikapewa jina ICAM-1 Kilifi. Kilifi yetu jamani!

Dawa nazo zimetoka. Springer alianzisha kampuni 1993 na kazi yake ikazaa vedolizumab, huzuia chembe nyeupe zisivamie utumbo wa wagonjwa wa uvimbe wa matumbo, Marekani wakaikubali 2014, hesabuni wenyewe hiyo miaka. 2022 akapewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba, pamoja na watafiti wengine, Erkki Ruoslahti na Richard Hynes, na huyo Hynes kazaliwa Nairobi.

Kwa hivyo dada, kijana na asome baolojia na kemia, na hesabu asiiache. Kilifi kutoka hapo ni matatu moja tu, mpeleke akawaulize watu wa maabara walisomea nini, wengi wao si madaktari. Akiwa na swali anitumie, nitamjibu mwenyewe.