Picha kabla ya dripu ya kwanza

Asalaam aleykum mama zangu, dada zangu, na nyie kaka wawili mliojibana huko nyuma kama mmepotea njia, sogeeni. Mimi ni mtu wa picha, siku nzima niko chumba cha ultrasaundi, kwaiyo nitaongea hilo.

Jana mama mmoja wa Chumbageni kanipigia, anasema bibi nina kansa ya titi, nimeambiwa nianze kemo, zile dripu za dawa ya kansa, kwanza af ndo nipasuliwe, hawanicheleweshi hawa? Hapana mama. Dawa ikitangulia uvimbe unaweza kunywea hadi wengine titi lisikatwe lote, af kuna faida ingine watu hawaisemi sana: uvimbe ukiwa bado upo tunauona unaitikia dawa au unaikaidi. Ukishatolewa utapimia nini?

Sasa tatizo liko hapa. Watu wote tunaangalia ukubwa, daktari anapapasa, anapima, limepungua halijapungua. Ila ukubwa unachelewa kusema. Kansa ikitaka kukua inajivutia mishipa yake ya damu, ni kama yule jirani anayejiunganishia bomba la maji usiku bila kibali, linafanya kazi lakini linavuja kila kiungo. Ndo maana kwenye MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, tukichoma dawa ya gadolini mshipani, kansa nyingi zinawaka fasta kuliko nyama ya kawaida, na kuzima zinawahi pia. Dawa ikishika, yale mabomba yanaanza kufa, na hilo linaweza kuonekana mapema wakati ukimpapasa mgonjwa bado unalikuta lilelile.

Kuna picha ingine ya MRI inafuata maji yanavyotembea kati ya seli. Nendeni soko la samaki la Deep Sea asubuhi mkaangalie tenga la dagaa lililoshindiliwa, ukimwaga maji juu yanapita kwa tabu, ukipunguza dagaa yanapita. Seli za kansa zimeshindiliwa vilevile, zikifa maji yanapata nafasi, na mashine inasoma namba inapanda.

Huko Marekani kuna utafiti unaitwa I-SPY 2, ulianza 2010, wale wanawake wanapigwa MRI kabla ya dawa, baada ya wiki 3, baada ya wiki 12, na tena kabla ya upasuaji. Kinachopimwa ni ujazo wa ile sehemu inayowaka, sio urefu peke yake, na utafiti wa kabla yake ulishaonyesha ujazo unatabiri vizuri kuliko mkono wa daktari. Mnaona faida yake? Kemo inanyoa nywele, inatapisha, nyingine inagusa moyo, sasa kwa nini mtu anywe miezi 5 dawa ambayo uvimbe wake hauitaki.

Ila picha nayo isiachiwe peke yake. Kuna kansa zinafuata homoni, hizi mara nyingi hazipotei zote kwa kemo, na zile zenye protini ya HER2 kwa wingi, au zile zisizo na alama zote tatu, yaani za homoni mbili na hiyo HER2, zinapotea mara nyingi zaidi, kwaiyo majibu ya kile kinyama ulichokatwa kupimwa lazima yasomwe pamoja na picha. Na picha ikionyesha peupe bado unapasuliwa, manake seli chache hazionekani na mashine yoyote. Hapo sasa daktari wa upasuaji anatafuta uvimbe haupo! Ndo maana wenye vifaa wanaacha kijichuma kidogo mle ndani kabla ya dawa, kama nanga.

Najua mnawaza MRI bei. Ultrasaundi nayo inafaa, inapima pande tatu za uvimbe, urefu, upana na kina, inaonyesha damu, na mashine zingine zinapima ugumu, manake kansa nyingi ni ngumu na ikiitikia inalainika. Ila lazima kuwe na picha ya kwanza. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alitundikiwa dripu sehemu fulani bila kupimwa hata kwa ultrasaundi, baada ya dozi ya tatu akaletwa kwangu niseme limepungua au la. Nikapata sentimita 4. Kutoka ngapi? Hakuna aliyejua, nikakaa na ile karatasi nashindwa hata kumwangalia usoni.

Kwaiyo kabla ya dripu ya kwanza uliza, vipimo vyangu vimeandikwa wapi? Na picha zako tunza mwenyewe, usiache juu ya kabati watoto wachezee. Haya dada wa kitenge cha njano, umenyoosha mkono zamani, uliza.