Alama 40 Zinamwambia Nini Mwalimu?

Ndugu walimu, wanafunzi wawili wamesoma kifungu kimoja cha ufahamu katika lugha ya pili, na kila mmoja amepata 40 kwa 100. Juma linalofuata wote wanapewa zoezi lilelile la marudio. Hapo ndipo ninapotaka tugombane kidogo.

Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Walisema ni kuzidisha, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo alama 40 za huyu na 40 za yule zinaweza kuwa na vyanzo tofauti kabisa.

Utajuaje? Chukua kifungu kingine cha kiwango kilekile, uwasomee kwa sauti, kisha uwaulize. Anayeelewa akisikiliza lakini hukwama akisoma, shida yake iko kwenye maandishi: herufi, silabi, kasi. Asiyeelewa hata akisomewa, shida ni lugha, na kumzidishia mazoezi ya kusoma kwa sauti ni kumchosha bure. Tena kuna wale wanaosoma kama watangazaji wa redio, hawakosei hata nukta, na hawajui walichosoma. Hao hutudanganya sana.

Kwa upande wa lugha, anza na msamiati. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliotumia hadithi, ulionyesha kuwa msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe vizuri bila msaada. Yaani neno geni moja katika kila maneno 50. Mwambie mwanafunzi apigie mstari maneno asiyoyajua. Kisha, na hili wengi hulisahau, muulize maana ya machache ambayo hakuyapigia mstari. Mistari ikijaa ukurasa mzima, badilisha kifungu, usimlaumu msomaji.

Halafu tuyatazame maswali yetu. Mwanafunzi anaweza kuwa ameelewa ila hana maneno ya kujibia. Mruhusu asimulie kwa lugha yake ya kwanza. Kama huijui, apange picha kwa mfuatano wa matukio. Na mpe mwenzako maswali bila kifungu. Akiyajibu vizuri, hukupima usomaji.

Najua mtaniambia darasa lina watu 60. Msiwapime wote hivi. Anzeni na wale ambao alama zao zinawashangaza: hodari wa kuongea aliyefeli kusoma, na mkimya aliyefaulu. Wa kwanza huenda akahitaji dakika 10 za silabi na kurudia kifungu kifupi kila siku, wakati mwanafunzi mwenye uhaba wa msamiati anapewa matini rahisi zaidi, nyingi, asome kimya. Baada ya majuma machache wapimeni tena, kwa kifungu kipya.

Karibuni kwa maswali.