Michael Jackson Mwingine: Ripota wa Bia

Mabibi na mabwana,

Jina la mtu ninayemzungumzia jioni hii huwachekesha watu kabla sijafika popote, kwa kuwa aliitwa Michael Jackson na hakuwa mwimbaji. Kicheko cha pili huja nikitaja kazi yake, maana wengi hudhani kuandika juu ya bia ni kisingizio cha kunywa. Alizaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1942, akaacha shule akiwa na miaka 16, akaanza uanahabari katika gazeti la Huddersfield Examiner.

Nautaja uanahabari huo kwa makusudi. Kitabu chake cha mwaka 1977, The World Guide to Beer, husifiwa kwa ladha, lakini mimi naona ndani yake mazoea ya ripota wa mkoani: kubisha hodi, kuuliza nani anapika, kwa nafaka gani, na nani alimfundisha. Mvinyo ulikuwa na waandishi wake wa kuheshimika, ilhali bia iliachiwa zaidi watu wa matangazo. Jackson alizipanga bia kwa mitindo, na kila mtindo akaufunga na mahali pake.

Ubelgiji ndiko alikozama zaidi. Katika bonde la mto Zenne, karibu na Brussels, wapikaji wa lambiki, aina ya bia ya huko, hawaweki hamira. Huyaacha maji ya kimea yaliyochemshwa yapoe usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, katika miezi ya baridi, ili hamira ya mwituni iliyomo hewani na katika majengo yenyewe ianze kazi, kisha huyahifadhi katika mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Kule Hoegaarden, bia nyeupe ya ngano, mbegu za giligilani na maganda ya machungwa ilikuwa imetoweka tangu kiwanda cha mwisho kilipofungwa mwaka 1957, mpaka muuza maziwa aitwaye Pierre Celis alipoifufua katika miaka ya 1960. Habari kama hizi, ambazo wenyeji waliziona za kawaida mno, Jackson aliziandika kwa uzito ambao wenzake waliuweka kwenye siasa.

Nina lawama moja. Wapikaji wadogo wa Marekani walikisoma kitabu chake kama mwongozo, na mitindo aliyoieleza ikaja kugeuka kanuni za mashindano. Maelezo ya alichokikuta ripota yakawa amri kwa mpikaji. Kosa hilo, kwa maoni yangu, ni la wasomaji kuliko lake.

Miaka yake ya mwisho alitetemeka na kupepesuka, na waliomwona wakadhani amelewa, hata ikambidi aeleze hadharani kwamba anaugua Parkinson. Alifariki London tarehe 30 Agosti 2007, akiwa bado anaandika.