Kikao cha Ijumaa, saa tano u nusu

KHAMIS: Assalamu alaykum wasikilizaji, karibuni tena barazani kwetu. Bi Salma, leo umeingia na uso wa kikao.

SALMA: Waalaykumu salaam. Kikao chenyewe kilikuwa Ijumaa, na wapi sisemi. Ajenda ilikuwa na mambo sita, na la kununua gari likawekwa mwisho. Tumelifikia saa tano u nusu, watu wanatazama saa, mwenyekiti anasema, "Hili nadhani halina mjadala, tusije tukaikosa sala." Likapita hapo hapo. Mapazia ya ukumbi ndiyo yaliyokula nusu ya asubuhi.

KHAMIS: Kwenye pazia kila mtu ana la kusema. Kwenye gari la mamilioni, mtu anaogopa kuonekana hajui hesabu.

SALMA: Ndiyo mchezo wenyewe. Leo tuliwaahidi alama tano za kumjua anayewaendesha wenzake kikaoni. Hii naifanya ya kwanza: jambo zito kuwekwa saa nyepesi.

KHAMIS: Kwa hiyo ajenda ikitoka, tazama jambo la pesa limekaa wapi na nyaraka zake zimefika lini. Pahala pake ni mara tu baada ya yatokanayo na kikao kilichopita, vichwa bado vizima. Likiwa chini, omba lipande pale mwenyekiti anapouliza kama ajenda inakubalika. Watu wengi hapo huitikia "ndiyo" huku wakitafuta kalamu, na ikishapita kuipanga upya ni shida.

SALMA: Na kama ndiyo mshafika kwenye saa tano u nusu?

KHAMIS: Uliza swali moja: tukiliahirisha wiki moja, tunapoteza nini? Mwenye haraka ya kweli atakupa tarehe. Atakwambia profoma ya muuzaji, ile karatasi ya bei, inaisha siku fulani, na utaiomba uione. Akikujibu "tunachelewesha maendeleo", haraka hiyo ameitengeneza mwenyewe.

SALMA: Na maombi yako ya kuahirisha yaandikwe, hata kama yamekataliwa.

KHAMIS: Lakini hujataja sambusa.

SALMA: Haya, ameanza.

KHAMIS: Wallahi sambusa ni silaha. Anayeagiza chai ndiye anayepanga chai iingie saa ngapi. Sinia likishapita mlangoni, harufu imejaa chumba kizima, nani atainua mkono aulize ufafanuzi? Akiuliza, yeye ndiye anayewazuia watu thalathini na katlesi zao.

SALMA: Mwezi wa Ramadhani je?

KHAMIS: Ramadhani kikao kinaitwa saa tisa. Hapo hata sinia halihitajiki.

SALMA: Mimi sambusa haina neno. Naogopa yanayozungumzwa sambusa ikiwa mkononi. Watu watatu wanasimama dirishani, mkirudi ndani unaambiwa, "Wakati wa chai tumeshauriana, tumeona hivi." Nani ameshauriana? Hapo azimio lisomwe upya neno kwa neno, kwa sababu "tutaangalia uwezekano wa kununua" hutoka kunywa chai ikarudi "tutanunua".

KHAMIS: Na karatasi ya posho. Mtu anaiweka saini na mafuta ya sambusa kidoleni, hasomi kichwa chake. Karatasi ya mahudhurio inasema ulikuwepo, haisemi uliridhia. Zipo zinazoambatishwa kwenye azimio, na majina yote yakahesabiwa kuwa yamekubali. Soma juu, ndipo utie saini.

SALMA: Twende alama ya pili.

KHAMIS: Bado. Nataka niwaoneshe namna ya kupanga kura, na nitawaonesha kwa sambusa.

SALMA: Khamis, tuna alama nne mbele!

KHAMIS: Wajumbe tisa wanachagua kitafunwa kimoja. Watatu wanataka sambusa, wakikosa katlesi, mwisho kachori. Watatu wengine: katlesi, kisha kachori, mwisho sambusa. Watatu waliobaki: kachori, kisha sambusa, mwisho katlesi. Mimi ndiye mwenyekiti na roho yangu iko kwenye kachori. Naanza kupigisha kura sambusa na katlesi. Nani anashinda?

SALMA: Kundi la kwanza na la tatu wote wanaiweka sambusa mbele ya katlesi. Sambusa, sita kwa tatu.

KHAMIS: Katlesi imetoka. Sasa sambusa na kachori.

SALMA: La pili na la tatu wanapenda kachori kuliko sambusa. Kachori, sita kwa tatu. Alaa!

KHAMIS: Ningetaka katlesi, ningeanza na kachori na sambusa. Kachori inashinda, halafu inakuja kufa mbele ya katlesi, sita kwa tatu tena. Chochote nikitakacho nakibakisha raundi ya mwisho. Hakuna kura iliyoibwa wala mtu aliyetishwa. Mfaransa mmoja, Condorcet, aliandika habari hii mwaka 1785.

SALMA: Dawa yake?

KHAMIS: Ukiona mambo matatu yanapigiwa kura mawili mawili, uliza nani kapanga nini kianze. Omba kila mjumbe aandike kwenye kikaratasi moja, mbili, tatu, yote kwa pamoja. Hapa mtakuta sare, na mtajua kwamba hakuna kilichopendwa na wengi. Basi zungumzeni.

SALMA: Sawa. Ya pili, na hii usiniingilie. Mtu anayewapitia wajumbe mmoja mmoja kabla ya kikao: "Fulani keshakubali, fulani keshakubali, umebaki wewe tu."

KHAMIS: Hapo sikufuati. Huku kwetu jambo huanza barazani. Mtu mzima hashtukizwi kikaoni. Mkuu wa kitengo ukimtolea jambo jipya mbele ya vijana wake, atalikataa hata likiwa jema, kulinda heshima yake.

SALMA: Kumuarifu sawa. Kumhesabu ndiyo sikubali. Mkiingia ndani kura zimeshakamilika, kikao kinabaki muhuri tu.

KHAMIS: Kwa hiyo baraza zote za Mji Mkongwe ni njama?

SALMA: Barazani anayepita anakaa, anasikia wanachosikia wenzake. Huyu wangu anakwenda mlango kwa mlango, kila mlango na maneno yake. Mwanasaikolojia Solomon Asch, kule Marekani miaka ya 1950, aliwaonesha watu mistari, waseme upi unalingana kwa urefu na mwingine, wakatanguliwa na waliopangwa kujibu makosa. Karibu theluthi ya majibu yalifuata makosa yale, na jibu sahihi liko wazi mbele ya macho. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kujibu kweli, kufuata mkumbo kukapungua sana. Ndiyo maana huyu anasema "umebaki wewe tu". Hataki ujue una mwenzako.

KHAMIS: Umenisaidia mimi! Huyo mwenzako utampata wapi, kama si nje ya kikao?

SALMA: Nitamuuliza yeye anaonaje. Simwambii wengine wamesema nini.

KHAMIS: Yaani Wapemba kujuana kwa vilemba ni haramu, ila wewe ukimtafuta mwenzako ni halali. Tofauti yako ni nia, na nia haionekani.

SALMA: Maneno yanaulizika. Wajumbe wawili wakikaa wakalinganisha walichoambiwa, na kila mmoja aliambiwa mwenzake amekubali, hapo nia unaitafutia nini?

KHAMIS: Hiyo ni kudanganya, na mimi sikutetea kudanganya. Natetea kupita kwa watu.

SALMA: Na mimi nasema kupita kwa siri ndiyo mlango wa kudanganya.

KHAMIS: Sikubali.

SALMA: Usikubali.

KHAMIS: Fundi ananionesha vidole viwili. Dakika mbili.

SALMA: Na alama tatu hatujazigusa! Ulizimaliza kwenye kachori. Basi tumjibu dada wa Wete. Anauliza: muhtasari umeandikwa "wajumbe wote walikubaliana", na yeye alipinga. Afanye nini?

KHAMIS: Asisubiri mengineyo. Mwenyekiti akiuliza kama muhtasari uliopita uthibitishwe, hapo hapo ainue mkono, ataje ukurasa na namba ya ajenda, na aseme sentensi anayotaka iongezwe: "Mjumbe mmoja hakuafiki, kwa sababu hii." Sababu moja, fupi. Ukishatiwa saini, kuufungua ni kazi.

SALMA: Na siku mbili kabla amuandikie katibu sentensi hiyo hiyo, ili isionekane imezuka.

KHAMIS: Unaona! Na yeye anapita kwa watu kabla ya kikao.

SALMA: Kwa maandishi, Khamis! Kwa katibu!

KHAMIS: Muda umekwisha, wasikilizaji. Wiki ijayo tuna mgeni, kwa hiyo alama tatu zile msizingojee.