Miguu ya Makasia Ndani ya Ndoo

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote? Ahsanteni kwa kuja na jua hili. Kabla sijasema lolote, namuomba aliye karibu na swichi azime taa. Naam. Sasa itazameni chupa hii. Naimulika ubavuni kwa tochi ya simu. Subirini kidogo. Mnaliona vumbi linavyoifuata nuru? Basi vumbi haliendi hivyo. Kitone kinatulia, kinachupa, kinatulia tena. Mwenye macho mazuri ataona baadhi yao wana kifurushi nyuma, mithili ya mama aliyefunga kibindo. Hayo ni mayai.

Hawa ndio kopepodi. Mswahili akilisikia jina hili hufikiria kope za macho, nami nilidhani hivyohivyo. Kumbe ni Kigiriki, na kwao kope ni kasia: mnyama mwenye miguu ya makasia. Ni jamaa ya kamba na uduvi, ila hawa niliokuja nao, mkubwa wao hafiki milimita moja.

Mtanambia, mtu mzima unafuga vumbi? Nina samaki wawili wa nemo nyumbani, wale wa kwetu wenye mistari miwili myeupe, wanaopatikana kuanzia Kenya kwenda kusini. Siku moja wakataga juu ya kigae. Baada ya wiki na siku kidogo, usiku, taa zimezimwa, vitoto vikatotoa. Mimi nikavipa artemia, vile vijikamba vidogo vya kulishia samaki wachanga, waliototolewa siku hiyohiyo, nikijiona fundi. Siku ya nne hakubaki hata kimoja. Artemia mchanga ana karibu nusu milimita. Kwa kitoto cha nemo ni kama kumpa mtoto wa miezi sita fupa la ng'ombe. Kitoto cha kopepodi kinaanzia maikroni 50 au 60 hivi, na milimita moja ina maikroni 1,000. Hicho kinaingia mdomoni. Tena kinachupachupa, na samaki mchanga hawezi kukivumilia kitu kinachochupa mbele ya macho yake.

Lipo na jambo la mafuta. Artemia mtupu ana DHA kidogo mno, nayo ni ile omega-3 ya kujenga ubongo na macho. Kopepodi aliyelishwa vizuri anayo tele. Neno ni hilo: aliyelishwa. Ndiyo maana nawaambia, ukitaka kufuga kopepodi, jifunze kwanza kufuga maji yenye rangi.

Namaanisha mwani ule usioonekana bila ya hadubini. Mimi hutumia Isochrysis, ambao una DHA nyingi. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyopungukiwa majani. Naukuza kwenye chupa za soda zilizooshwa, maji ya bahari yaliyochemshwa yakapoa, mbolea yake matone machache, taa nyeupe pembeni, na kimpira cha hewa. Ukiharibika, kopepodi wako wana siku chache tu. Kwa hiyo niko na chupa nne wakati wote, na mbili hazikai chumba kimoja na wenzake.

Ndoo yenyewe haina makuu. Lita 20, mpya, ambayo haijawahi kutiwa dawa ya samaki. Dawa nyingi za ugonjwa wa madoa meupe wa samaki zina shaba, na shaba huua kila jamaa ya kamba. Maji ya chumvi ya gramu 35 kwa lita, joto la chumbani la digrii 25 hadi 28. Hewa iingie kwa mpira mtupu, povu moja moja, kubwa. Lile jiwe la kutoa mapovu laini liacheni, mapovu madogo huwabeba watoto hadi juu na kuwagandisha ukingoni. Maji yakipungua ongezeni maji matamu, si ya bahari, kwani chumvi haipandi na mvuke.

Kulisha sasa. Tieni mwani mpaka maji yapate rangi hafifu, muone bado vidole vyenu upande wa pili wa glasi. Asubuhi, rangi imekwisha? Wape tena. Rangi ipo? Waacheni. Hapa ndipo wengi tunapoangukia, na mimi wa kwanza. Nilikuwa nakwenda Lamu siku mbili, nikawaonea huruma, nikatia hamira kijiko kizima. Niliporudi, mlangoni tu nikaisikia harufu ya yai viza. Maji meupe kama tui, na chini utando wa rangi ya waridi. Utando ule ndio kopepodi wangu. Bakteria walikuwa wamekula hamira na kuimaliza hewa yote. Wangekaa na njaa siku mbili, wasingekufa.

Kutoka yai hadi utu uzima wanapita hatua 12: sita za mwanzo hawafanani na mama yao hata kidogo, sita za mwisho wanafanana naye. Hawa aina ya Tisbe, kwa joto letu, humaliza safari hiyo katika wiki moja na ushei. Kwa hiyo vuneni robo ya ndoo kwa wiki. Chujio langu nimelitengeneza kwa kitambaa cha wachapishaji wa fulana, kimoja cha matundu mapana, kimoja cha maikroni 50. Wakubwa wananasa juu, nawarudisha nyumbani kwao. Wadogo wananasa chini, hao ndio chakula.

Kijana pale anauliza kwa nini tusiwachote baharini bure. Unaweza, nje ya hifadhi, wakati wa maji kupwa: kung'uta mwani ndani ya ndoo, uchuje. Mimi sipendi. Utaleta na minyoo na hidroidi, vile vijidudu jamaa ya kiwavi wa baharini, na hidroidi akishajishika ubavuni mwa ndoo ni mgeni asiyeaga.

Wapo na kopepodi wa kuelea, Parvocalanus. Kwa kulisha watoto wao, taasisi ya Oceanic Institute kule Hawaii ilifaulu mwaka 2015 kumlea samaki kangaja wa manjano tangu yai, baada ya miaka ya kushindwa. Lakini hao wanataka mwani hai kila siku na hawasamehe. Si wa kuanzia jikoni.

Waliokuja na chupa wasogee. Nitawajazia nusu, nusu ibaki hewa, na msiikaze kofia mkifika nyumbani. Leo msiwape chochote. Na kama kuna mwenye rotifa kwake, vile vijidudu vingine vya kulishia samaki wachanga, naomba aniambie mapema, chupa yake nitaijaza mwisho, kwa chujio jingine; rotifa mmoja akiingia kwenye ndoo yangu, mwezi ujao nitakuwa nafuga rotifa.

Haya, washeni taa.